Kovu Lililotangulia Kuzaliwa

Mtoto alizaliwa Jumanne alfajiri, na mpaka Ijumaa alikuwa hajaonja ziwa la mama yake. Si kwamba maziwa hayakuwepo. Yalikuwepo, tena ya kumwaga. Gauni la Eunice lilikuwa limelowa kifuani na wodi nzima ya wazazi ilikuwa inaona. Lakini Eunice alilala ubavu, uso ukutani, na kila walipomletea mtoto alivuta khanga mpaka puani akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubishana, "Msinionyeshe."

Mama yake, Hildegardi, alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, mtoto mapajani. Watu wa Mbinga wanaomfahamu wangeshangaa kumwona vile. Huyu ni mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna, mama mwenye shamba la kahawa lisilo na jani la gugu, mtu ambaye akiingia kanisani wanaonong'ona hunyamaza hata kama hawakuwa wakimsema yeye. Maisha yake yote alitoa amri na amri ikafuatwa. Sasa alikuwa anambembeleza binti wa miaka ishirini na mmoja, na binti hataki.

"Mwanangu, mshike kidogo tu. Si lazima umwangalie."

"Nikimshika, mkono wangu utaligusa."

Alimaanisha kovu. Lilianzia nyuma ya sikio la kulia la mtoto, likashuka shingoni na kuishia begani, upana wa kidole cha mtu mzima. Lilikuwa jeupe na gumu, limeivuta ngozi, kichwa kikawa kimeinamia upande huo kana kwamba mtoto anasikiliza kitu. Lingekuwa kidonda, pengine lingekuwa na nafuu yake. Kidonda unakisafisha, unakifunga, unakisubiri. Hili lilikuwa limeshapona zamani. Mtoto alikuja duniani akiwa na kovu la mtu aliyeishi.

Mkunga aliyempokea alimgeuza kwenye taa akasema bila kufikiri, "Jamani, huyu aliumia humo humo tumboni." Hakuwa na nia mbaya. Ila Eunice alisikia, na hapo ndipo alipougeukia ukuta.

Maana Eunice alijua kilichoingia humo tumboni. Mwezi wa sita, akiwa chuoni Songea, mimba ikiwa ya miezi mitatu na kitu, Jastin alibadilisha namba ya simu. Jastin alikuwa dereva wa malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, mcheshi, mtanashati, na kama ilivyokuja kujulikana, ana mke na watoto wawili Makambako. Eunice alikaa na siri yake mpaka sweta likashindwa kuificha. Kisha akaelekezwa kwa mwanamke mmoja, chumba cha uani, na kijiti. Hayo hayahitaji kuelezwa zaidi. Damu ilitoka, mimba haikutoka.

"Mungu amemchora," Eunice aliuambia ukuta. "Amemchora pale pale nilipompiga, ili kila nikimnyonyesha nione."

Walijaribu kumweka mtoto ziwa la kushoto, maana akilazwa huko kovu linakuwa upande wa chini, na mama haoni kitu. Eunice aliacha mikono ikalegea, mtoto nusura aanguke. Walimwomba akamue basi, mtoto anyweshwe kwa kikombe. Akakataa, akasema maziwa yake yana mkono uleule uliompiga. Maziwa ya kopo yalikuwa yanamharisha mtoto. Na Eunice mwenyewe, tangu ajifungue, alikuwa hajala zaidi ya vijiko viwili vya uji.

Asubuhi ile ya Ijumaa nesi Dorah alimpima mtoto, akaangalia mizani, akampima tena.

"Bibi," alimwambia Hildegardi kwa upole, "huyu anapungua. Ngozi ya tumbo nikiibana hairudi. Sasa hivi hata kulia analia kwa kujikaza. Na mama yake naye usimwone kalala ukadhani anapumzika. Mimi nimeshawaona wa hivi. Usipofanya kitu utawakosa wote wawili."

"Nifanye nini, mwanangu? Nimesali. Nimemsihi. Nimempigia magoti."

"Sijui, bibi. Lakini sikio analokupa wewe, sisi hatupi."

*

Hildegardi si mwanamke mbaya. Heri isemwe mapema, kwa sababu huko mbele mtu anaweza kutamani kumrukia. Alimlea Eunice peke yake baada ya mumewe kufariki, akamsomesha kwa kahawa, debe kwa debe. Ubaya wake ulikuwa mmoja: alipenda kuonekana mwema kuliko alivyopenda kulala usingizi.

Siku Eunice alipofika nyumbani kutoka Songea ulikuwa msimu wa kuchuma. Baridi ya Mbinga ya mwezi wa saba inauma, watu wanakoka moto mchana, na Eunice alikuwa anatoka jasho. Alisema ana malaria. Hildegardi alifunua blanketi, akaona, akalifunika tena. Kutoka kitandani pale mpaka hospitali, mtu mwenye afya hahitaji hata bodaboda.

Kwa nini hakumpeleka? Basi sikiliza jinsi mtaa ule ulivyo. Pale mtu haugui peke yake. Ukilazwa, jumuiya inakuja. Inakuja na rozari, na chupa ya uji, na mchango kwenye bahasha, na wanawake kumi na wanne wanakaa kuzunguka kitanda wakiuliza, kwa mapenzi kabisa, unaumwa nini hasa. Nesi wa zamu ni wa jumuiya. Mfagiaji wa wodi ni wa jumuiya. Na anayeongoza msafara huo wa kutembelea wagonjwa, anayeuliza swali la kwanza, ni mwenyekiti. Tena mwenyekiti huyu, baada ya Pentekoste tu, alikuwa amesimama mbele ya watu akataka binti mmoja aondolewe kwaya kwa sababu tumbo limeanza kuonekana. Binti aliondolewa. Alilia mpaka nje ya geti.

Kwa hiyo Hildegardi alitangaza malaria ya kawaida, akamnywesha mwanawe dawa ya mseto, akafunga mlango wa chumba. Walipokuja kusali, alisema amelala. Walipokuja tena, alisema ameamka vizuri, ametoka kidogo. Lakini ugonjwa ule ulikuwa na harufu. Kila asubuhi ilizidi, na hakuna ubani unaoishinda harufu ile. Hapo Hildegardi alifanya jambo ambalo mtu asiyeishi na macho ya jirani hawezi kulielewa: alikodi gari, akamlaza binti kiti cha nyuma, akaipita hospitali, akateremka naye milima yote mpaka ziwani, kusini mwa Mbamba Bay, ambako dada yake Scholastica ameolewa na mvuvi.

Hakuchagua kwa bahati. Nyuma ya nyumba ya Scholastica kuna chumba kimoja kilichozungukwa na vichanja vya dagaa. Dagaa wakianikwa, pale hunusi kitu kingine. Hildegardi alikuwa amelifikiria hilo kabla hajapiga simu ya gari.

Humo chumbani Eunice aliungua. Midomo ilipasuka. Aliacha Kiswahili, akawa anasema Kimatengo cha utotoni. Scholastica alitaka kwenda kumwita mtu wa zahanati tangu jioni ya kwanza, na Hildegardi, mdogo wake, akamwekea mguu mlangoni. "Kesho," alisema. Kesho yake akasema kesho. Mwishowe Scholastica alitoka akiwa na ndoo kichwani kana kwamba anakwenda kuchota maji, akarudi na Damiano, mganga wa zahanati, amebeba dripu. Damiano aliingia, akanusa, akamtazama Hildegardi kwa namna ambayo mwenyekiti hakuwa amewahi kutazamwa.

"Mama, mlikuwa mnasubiri nini? Mlikuwa mnasubiri sanda?"

Alidunga sindano, akatundika dripu, akarudi asubuhi na jioni mpaka homa ikavunjika. Na siku homa ilipovunjika aliinama na kile kipembe chake cha kusikilizia mimba juu ya tumbo la Eunice, akasikiliza muda mrefu, akainua uso hajui acheke au alie. "Na huyu yupo," alisema.

Eunice alipopata fahamu vizuri, alikuwa amekonda kama ufito. Alimuuliza mama yake swali ambalo mtu yeyote angeuliza. "Mama, kwa nini sikwenda hospitali?"

Hildegardi alijibu papo hapo, wala hakutafuta maneno. "Ulikataa mwenyewe. Nilikusihi, ukasema heri ufe kuliko watu wajue."

Ulikuwa uongo. Lakini ulifanana sana na Eunice, au na jinsi alivyokuwa anajiona siku zile, kwa hiyo aliumeza mzima. Alimshika hata mama yake mkono akamwomba msamaha kwa kumsumbua. Hildegardi akasema, "Yameisha, mwanangu."

*

Daktari wa watoto alikuwa dada wa Kitanga, ameletwa Mbinga na ajira ya serikali, hijabu ya bluu na sauti ya kutokuwa na haraka. Mara ya kwanza Hildegardi alipomwona alinung'unika kwamba wanaletewa watoto kutibu watoto. Ijumaa ile alimvizia barazani akamshika mkono wa koti.

"Shikamoo, mama," daktari alisema.

"Marahaba, mwanangu. Daktari, naomba uje umwambie binti yangu neno moja tu. Mwambie lile kovu si yeye. Mwambie ni kazi ya Mungu, mwambie ni damu ya ukoo, vyovyote vile. Yeye anaamini kijiti ndicho kilichomchora mtoto, na kwa imani hiyo anamuua, na anajiua."

Hakuwa amepanga kutaja kijiti. Neno lilimtoka lenyewe. Daktari hakushtuka, alimvuta wakakaa kwenye benchi la saruji, mbali kidogo na watu.

"Siwezi kumwambia nisichokiamini. Lakini nieleze. Ilikuwa mimba ya muda gani?"

"Miezi minne. Minne na nusu."

"Na baada ya kuumia, alipata homa? Uchafu wenye harufu?"

"Homa kali. Na harufu."

Daktari aligeuka akamkabili. "Mama, nikwambie kitu cha ajabu kuhusu watoto walio tumboni. Wewe na mimi tukikatwa, mwili unawaka. Panavimba, panakuwa pekundu, pana moto, chembe za damu za kupigana zinajazana pale, na mwili unaharakisha kuziba tundu. Hauna muda wa kushona vizuri, unapachika kiraka. Kile kiraka ndicho kovu. Mtoto wa miezi minne tumboni hayuko hivyo. Mwili wake bado haujui kuwaka. Ukimkwaruza, anairudishia ngozi ileile taratibu, mpaka na vinyweleo vyake, na akizaliwa unaweza kutafuta alama usiione. Wamelichunguza sana hilo kwa wanyama. Kwa binadamu tunajua kidogo, lakini tunachokijua kinaelekea huko huko."

"Kwa hiyo kijiti..." Hildegardi aliinuka nusu. "Kwa hiyo kijiti hakikumchora!"

"Kingekuwa kijiti peke yake, pengine leo tusingeona kitu."

"Asante, Mama Maria. Asante, daktari. Basi njoo umwambie!"

"Subiri, mama. Sijamaliza." Daktari alimrudisha kwenye benchi. "Vijidudu vikiingia kwenye maji ya uzazi, usaha ukamzunguka mtoto, ule mwili mdogo unalazimishwa kuwaka kabla ya wakati wake. Kile kidonda ambacho kingejifuta kinaanza kupona kikubwa, kwa kiraka. Na kadiri moto unavyokaa, ndivyo kiraka kinavyonenepa. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini kovu nene kama lile, naliona ni la usaha. Ni la zile siku alizokaa bila dawa." Kisha akauliza, kama daktari anavyouliza, bila shutuma yoyote: "Alikaa muda gani kabla ya kutibiwa?"

Hildegardi aliinamisha kichwa. Alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Muda mrefu?"

"Muda mrefu."

"Basi," alisema daktari kwa masikitiko. "Ningependa kumweleza mwenyewe, lakini nina mtoto anayetapatapa wodi ya pili. Mweleze wewe kwanza. Nikitoka nitapita."

Hildegardi alibaki pale barazani na kitu alichokuja kukiomba. Alitaka maneno ya kumfungua binti yake, na ameyapata, tena ya kitaalamu, yasiyo na mashaka ya kibibi. Kilichobaki ni kuingia ndani na kuyasema. Lakini Hildegardi alijua kuhesabu kama mtu mwingine yeyote. Kama kovu si la kijiti, ni la kuchelewa. Na aliyechelewesha alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji, amevaa kitenge cha WAWATA, cha akina mama Wakatoliki.

Akawaza upesi, kama walivyozoea kuwaza watu wa kupanga mambo. Atasema nusu. Nusu inatosha. Binti anataka kusikia kwamba si kijiti, basi ataambiwa si kijiti. Hata likamjia wazo la kumsukumia Scholastica, kwamba kule ziwani mwenye nyumba ndiye aliyekataa. Wazo lile lilikaa naye kwa muda wa kuaibisha kabla hajalifukuza.

Aliingia, akamchukua mtoto kutoka kwa nesi Dorah, akakaa. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko asubuhi, au mikono yake ndiyo ilikuwa inamdanganya. Macho ya mtoto yalikuwa wazi kidogo, hayaangalii kitu.

"Eunice. Nimeongea na daktari. Si kijiti."

Mgongo wa Eunice haukutikisika.

"Unanisikia? Daktari bingwa amesema. Mtoto wa umri ule akiumizwa anapona bila alama. Kijiti hakikumchora mwanao. Hukumchora!"

Kisha Eunice akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Uso wa binti ulikuwa mkavu, macho yameingia ndani.

"Kama si kijiti, ni nini?"

"Ni... ni homa ile. Usaha. Dawa zilichelewa, kidonda kikaungua."

Eunice alifikiri polepole. Mtu asiyekula siku tatu hufikiri polepole. Hildegardi aliona fikra ile ikitembea usoni mwa mwanawe, akaona inakoelekea, na hakuwa na njia ya kuizuia.

"Basi ni mimi tena," alisema Eunice. "Si mimi ndiye niliyekataa hospitali? Ulinisihi, nikakataa. Nimempiga mara mbili, mama. Mara ya kwanza nilikuwa na hofu, angalau. Mara ya pili nilikuwa nalinda jina."

"Hapana..."

"Mpelekeni kwa masista. Wampe mtu mwenye mikono mingine. Na mimi mniache." Akaugeukia ukuta tena, na safari hii akafunika kichwa chote.

Mtoto alijaribu kulia. Kilichotoka kilikuwa kama mlio wa mlango wa kabati unaofunguliwa taratibu. Nesi Dorah alisikia kutoka mwisho wa wodi, akaja mbio, akamgusa utosi, akasema, "Naandaa mpira wa kumlishia puani, bibi. Na nampigia daktari." Akaondoka akikimbia, na wauguzi hawakimbii bure.

Hildegardi alibaki amemkumbatia mjukuu. Aliogopa. Alikuwa ameogopa mara nyingi maishani, lakini sikuzote aliogopa watu. Hii ilikuwa hofu nyingine, ya kushika kitu kinachoondoka mikononi mwako huku unajua kamba iko wapi. Aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia khanga iliyomfunika mwanawe.

"Hukukataa," alinong'ona.

"Sikusikii, mama. Niache."

"Hukukataa hospitali."

"Sikusikii."

Akaketi wima. Kitanda cha pili alikuwepo Getrude, mke wa mwalimu, ambaye mwaka jana alipata kipaimara pamoja na mpwa wa Hildegardi. Kulikuwa na wanawake wengine sita, na wageni wao, na nusu ya hao wanamwita Mama Mwenyekiti. Hildegardi alifumba macho akasema kwa sauti ile anayotumia kusoma matangazo:

"Hukukataa hospitali, Eunice! Mimi ndiye niliyekataa! Nilikuficha nyumbani, nikakupeleka ziwani kukuficha tena, kwa sababu niliona haya. Mama yako mkubwa alitaka kukuletea mganga, nikamzibia mlango. Ulipopona nikakudanganya. Kovu hilo ni langu. Ni langu, mwanangu, wewe huna lako hapo!"

Mtu mmoja wodini alikuwa anakoroga uji, akaacha kukoroga.

Khanga ilishuka. Eunice aliinuka, akaegemea kiwiko. Hakuonekana mwenye hasira. Alimtazama mama yake kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha.

"Mimi nilisema nini?"

"Lini?"

"Huko ziwani. Ulisema nilisema heri nife. Kama huo ni uongo, nilisema nini?"

Hildegardi alitikisa kichwa. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Hili alikuwa amelizika mahali ambapo hata kwenye kitubio hakulifikisha. Padri aliambiwa "nimesema uongo", basi.

"Mama. Nilisema nini?"

"Uliomba."

"Niliombaje?"

"Kwa Kimatengo. Ulinishika hapa," akagusa shingo ya gauni lake, "ukawa unavuta. Ulisema, 'Mama, nipeleke. Nipeleke, atakufa.'" Akaishika tena ile shingo ya gauni. "Nikadhani umechanganyikiwa, unajiita 'yeye'. Nikakuambia, hufi. Ukasema, 'Si mimi. Mtoto wangu. Mtoto wangu atakufa.' Ulikuwa unapiga kelele. Majirani walikuwa nje wanageuza dagaa. Nikakuziba mdomo kwa kiganja."

"Nilisema mtoto wangu?"

"Ulisema hivyo. Ulisema mpaka sauti ikaisha."

Eunice alifungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa neno. Kilikuwa kilio cha chini kabisa, cha tumbo, kilichowafanya wanawake wa vitanda vingine washike watoto wao. Alilia huku amenyoosha mikono yote miwili mbele, na ilichukua muda kidogo kabla Hildegardi hajaelewa mikono ile inataka nini.

Akampa.

Eunice alimpokea vibaya, kama mtu ambaye hajawahi kushika mtoto, na kweli hakuwa amewahi. Kiganja chake kilitua pale pale nyuma ya sikio, juu ya ule ugumu. Hakukitoa. Alikipitisha taratibu kutoka sikioni mpaka begani na kurudi, machozi yakimdondokea mtoto usoni, akawa anasema jambo kwa Kimatengo ambalo halikuwa la kusikiwa na mtu mwingine. Nesi Dorah alifika na mpira na sinia. Aliona, akaliweka sinia chini bila mlio, akamsaidia kuinua kichwa cha mtoto kilichopinda na kukielekeza kwenye ziwa. Mtoto alikosa. Akakosa tena. Midomo ilikuwa haina nguvu. Nesi alikamua matone machache yakamwingia mdomoni, akameza, akakunja uso kama mzee aliyeonja kitu kigeni, kisha akashika.

"Taratibu," alisema nesi. "Mwache apumzike katikati. Bado hatujapona, lakini tumeanza."

Hildegardi alikuwa amesimama. Hakukumbuka kuinuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mkono wake ulikuwa umeenda wenyewe kumfunika mjukuu miguu, iliyokuwa imetoka nje ya nguo.

"Usimguse," alisema Eunice.

Alisema bila kupandisha sauti, macho yakiwa kwa mtoto.

"Mwanangu..."

"Nitamnyonyesha. Nitakula uji, nitakula kila watakachonipa. Lakini wewe usimguse." Akavuta pumzi. "Mama mkubwa atakuja kutuchukua. Tutakwenda kwake. Wewe nenda nyumbani, mama."

"Kule ni mbali na hospitali. Mtoto mwenyewe dhaifu..."

Alisikia maneno yake mwenyewe akiwa katikati ya kuyasema, akaacha. Getrude wa kitanda cha pili alikuwa anamtazama. Wote walikuwa wanamtazama, na kwa mara ya kwanza hakujali wanaona nini. Alitaka kubaki tu. Angekaa chini sakafuni, angekaa mlangoni, angekaa popote ambapo angesikia mtoto akimeza. Aliwaza kuomba msamaha na akaona kwamba kwa ule uongo aliwahi kuombwa msamaha yeye, akaupokea.

"Nenda, mama," Eunice alirudia, na safari hii sauti ilivunjika. "Nikikuona nitaacha kumtazama huyu."

Hildegardi alichukua mkoba wake chini ya kitanda. Aliacha chupa ya uji, akaacha na khanga mpya mbili alizokuwa amenunua kwa ajili ya siku ya kutoka. Alipofika mlangoni aligeuka mara moja. Nesi Dorah alikuwa ameinama akimrekebisha mtoto, mgongo wake umewaficha wote wawili, na hakuonekana kitu isipokuwa mguu mmoja mdogo. Ule mguu ulikuwa unapiga teke.

Akatoka nje.